Alama za Vidole Puani

Koplo Gaston Muller alikuwa amekaa kwenye kiti, na Sajini Solange Dietsch alikuwa amembana pua.

"Afande, mimi nina mafua."

"Tulia. Pumua kwa mdomo."

"Si ndivyo ninavyofanya? Na hiyo pua niachie kidogo, bado naihitaji."

Mkono wa kulia wa Solange ulibana pua, wa kushoto ulishika kisogo cha koplo kisirudi nyuma. Walikuwa katika chumba cha nyuma cha kituo cha jandarma, polisi wa vijijini, cha Ebersmatt, mlango umefungwa ili vijana wa zamu wasije wakaona kituko hicho wakapata la kusimulia. Mezani palikuwa na picha za maiti. Alipomwachia Muller, alimsukumia kioo kidogo cha mfukoni.

"Jitazame. Unaona nini?"

"Mzee mwenye sura mbaya."

"Hilo tulikuwa tunalijua. Pembeni ya pua je?"

Palikuwa na alama mbili nyekundu: ya kidole gumba upande mmoja, ya kidole cha shahada upande mwingine, chini ya mfupa, pale pua inapokuwa nyama tupu. Solange akaweka picha kando ya uso wake. Alama zilikuwa mahali pale pale. Tofauti ni kwamba za kwenye picha zilikuwa nyeusi.

Aliyelala pichani alikuwa Lorenz Ziegler, kijana wa Kimanush, jamii ya watu wa kuhamahama, aliyekutwa amekufa ndani ya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu, kambini kando ya mto Ill. Damu ilikuwa imelowesha godoro mpaka sakafuni. Kaka yake, anayeitwa Nuno, alikutwa ameketi hapo hapo, shati lake lote damu, amemshika marehemu kichwa. Daktari aliyepasua mwili aliandika kwamba uso, kisogo, mikono na miguu vilikuwa vimevilia damu, penye alama mbichi na penye za zamani, na kwamba hiki kilikuwa kipigo, tena si cha siku moja. Nuno akatiwa pingu. Tangu siku hiyo hajafungua mdomo, hata kwa wakili. Kisha, kama vile hawajajiharibia vya kutosha, baada ya maziko familia nzima ikaichoma ile karavani na kila kilichokuwamo.

Hakimu Chastel, aliyekabidhiwa uchunguzi, alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. "Asiye na hatia hasusi kusema, Sajini," alimwambia Solange. "Na wasio na hatia hawachomi ushahidi. Ijumaa namfungulia kesi ya kuua." Ilikuwa Jumatatu.

"Haya, koplo," Solange akasema. "Wewe unataka kuniua. Unanishika wapi?"

"Mungu apishie mbali. Kooni."

"Au unaniziba pua na mdomo kwa pamoja. Huyu mdomo wake haukuguswa. Koo halina kitu. Nani anambana mtu pua, anamwachia mdomo, halafu anamshika na kisogo?"

Muller alijipapasa pua. "Mama yangu," akasema. "Nilipokuwa nikitoka damu ya pua."

Wakatazamana. Solange alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kumbe ipo kichwani.

"Lakini subiri, afande. Zangu zimeshaanza kufutika. Huyu wamembana na nini, koleo?"

"Ndilo swali lenyewe," akasema Solange, akanyanyua simu.

Daktari Irène Haffner aliongoza maabara ya damu mjini Strasbourg, na Solange alikwisha kumsumbua katika kesi mbili tatu. Alikuwa mama mwenye sauti ya kukwaruza, asiye na subira na mtu yeyote, ila alikuwa na subira ya ajabu na damu. Alimsikiliza Solange mpaka mwisho, kisha akauliza kama kijana huyo aliwahi kwenda hospitali.

"Mara mbili, kwa damu ya pua. Walihesabu zile chembe zinazoziba jeraha, wakakuta zimetimia. Wakamwambia hana kitu, arudi nyumbani."

"Chembe sahani. Walihesabu, basi? Mimi nikikuhesabia wafanyakazi kumi, nimekwambia kama wanafanya kazi? Niletee damu yake."

"Amezikwa, daktari."

"Na damu ya maiti kwangu ni bure, chembe hizo hufa mapema mno. Basi nitafutie ndugu aliye hai anayetoka damu hovyo. Ugonjwa ninaoufikiria mtoto haupati mpaka arithi kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Palipo na binamu waliooana huwa hauji kwa mtu mmoja."

Muller, aliyekuwa ametega sikio, alipiga makofi. "Kazi imekwisha! Tunakwenda kambini, tunauliza nani mwingine katika ukoo alikufa kwa damu."

"Nenda kaulize," akasema Solange, "halafu uje unieleze walikujibu nini."

Baba yake Solange alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na Wamanush ndio waliomletea nusu ya mali yake. Solange alikua akicheza na watoto wao katikati ya mabati na injini zilizokufa. Alilijua jambo ambalo Hakimu Chastel hakulijua: kwamba kwao mtu akifa hatajwi. Jina lake halisemwi, habari zake hazisimuliwi, picha yake haiwekwi ukutani. Vitu vyake huchomwa ili visiuzwe wala kuchezewa. Si kwamba wamemsahau. Wanamheshimu kiasi kwamba hawathubutu kumkosea hata kwa neno moja lililozidi au kupungua. Ukimuuliza Mmanush kama kuna aliyekufa kwa ugonjwa fulani katika familia yake, atakwambia hapana, na daktari ataandika hapana.

*

Njiani walisimama kwa Bwana Hirtz, mkulima wa zabibu ambaye shamba lake limepakana na kambi. Alikuwa katikati ya mavuno, mikono imenata, na alikuwa na mengi ya kusema.

"Nimeshamwambia hakimu. Makelele, makelele mpaka alfajiri, kwa lugha yao. Wanagombania shaba hao, Nuno na binamu yake. Nuno ana shaba kwenye gari lake, nimeiona kwa macho yangu haya."

Muller alichangamka, kwani aliipenda sana hadithi ya shaba, na Solange akamwacha aifuatilie. Walipofika kambini gari la Nuno lilikuwa limeegeshwa chini ya miti, na shaba ilikuwamo imekunjwa vizuri, haina aliyeigusa. Binamu aliyesemwa kuwa ndiye mgomvi wake akaja mwenyewe kuwaonyesha fungu lake na fungu la Nuno, yote sawa sawa, akawauliza kama wanataka kununua. Hadithi ya shaba ikafia hapo.

Mahali ilipokuwa ile karavani palikuwa na duara jeusi kwenye majani. Hakuna aliyelikanyaga. Watoto waliokimbizana walilizunguka bila hata kulitazama.

Bibi Pesla, mama wa marehemu na wa Nuno, aliwapokea nje, mbele ya meza ya kukunja. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sketi ndefu na viatu vya kiume, macho yamemvimba.

"Solange wa mzee Dietsch," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda, bibi."

"Mimi nina sababu. Kaeni mnywe kahawa."

Mbwa watatu walikuwa wamefungwa kamba chini ya karavani. Muller aliyekuwa mpenda mbwa aliwatambua mara moja: mbwa wa kunusa kalunguyeye, wale wanyama wadogo wenye miiba. Nao ulikuwa ndio msimu wenyewe, kalunguyeye wamenona kwa ajili ya usingizi wa baridi.

"Mnawafunga wakati huu?" akauliza kwa wema kabisa. "Mwaka huu hamli kalunguyeye?"

Binamu wa shaba akatazama vidole vyake.

"Mwaka huu hatuli," akasema Bibi Pesla.

Solange alimkanyaga Muller mguu chini ya meza. Alielewa. Chakula alichokipenda aliyekufa, walio wake hukiacha. Akafungua boksi aliloleta, keki ya cheri kutoka kwa mwokaji wa Ebersmatt, akaisukuma katikati kubadili mazungumzo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bibi Pesla, kwa adabu zote, aliisogeza sahani mpaka mwisho wa meza, mbele ya Muller.

"Ale koplo. Sisi cheri hatuli."

"Hata watoto?"

"Hatuli."

Muller alikula na kusifu. Solange alibaki na kikombe mkononi, kahawa inapoa. Alikumbuka mti wa cheri uani kwa baba yake. Alimkumbuka mwanamke huyu huyu, kijana wakati huo, mdomo mwekundu kwa cheri, akitema mbegu mbali kuliko wanaume. Basi kati ya siku zile na leo cheri zilikuwa zimeachwa, na haziachwi hivi hivi. Kalunguyeye walikuwa wa mmoja. Cheri zilikuwa za mwingine, wa kabla yake, ambaye mwanamke huyu alimpenda vya kutosha kujinyima tunda hilo miaka yote hii. Hakuhitaji kuuliza kama yupo. Alichohitaji ni kujua alikufaje, na hilo asingeambiwa hata angelala hapo mwezi mzima.

Akaweka kikombe chini. "Bibi, yasiyoulizwa siulizi. Naulizia walio hai tu. Hapa kambini nani haruhusiwi kupanda baiskeli?"

Macho ya watu wawili yalitoroka kwenda upande mmoja. Kwenye ngazi ya karavani ya pili aliketi msichana wa miaka kama tisa, juu ya mto, amevaa soksi nzito za sufi na huku jua linawaka. Wenzake walikuwa wanaparamia miti. Yeye alikuwa anachanganya karata, na kwenye mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na doa la zambarau.

"Huyo nani?"

"Séphora." Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyetoka mlangoni nyuma ya mtoto, Marlène, mke wa Nuno. "Binti wa Nuno. Mnasemaje? Baba yake mmeshamchukua, sasa mnamtaka na mtoto? Kuna mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuja hapa, akamvua soksi mwanangu, akaandika. Akaniuliza nani anampiga! Mimi! Sisi hatumpigi mtoto hata kwa ua, mama!"

"Najua hamumpigi."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu hakuna anayemgusa. Hata mpira wakirusha, hawarushi upande wake."

Machozi yalimlenga Marlène, na Solange alimwonea huruma kiasi cha kutamani angekuwa amekuja kwa jambo lingine, kununua vyuma tu kama baba yake.

"Nataka damu yake kidogo," akasema. "Kichupa kimoja. Nadhani damu hiyo inaweza kumrudisha Nuno nyumbani. Sikuahidi. Nadhani."

Bibi Pesla na Marlène walizungumza kwa lugha yao, kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka. Mwisho bibi akageuka.

"Mchukue. Ila sindano ikitoka, pale pa sindano nabana mimi. Si muuguzi. Mimi."

*

Muuguzi wa kijiji alitoa damu, bibi akabana, na Muller akakimbiza kichupa Strasbourg kwa fahari kubwa. Jioni simu ililia kituoni, na Solange ikabidi ausogeze mkono wa simu mbali na sikio.

"Nani kaniwekea damu kwenye barafu?" Daktari Haffner alifoka. "Nani?"

Muller aliyasikia hayo kutoka upande wa pili wa meza. "Si ndivyo tunavyofanya?" akanong'ona. "Damu ya walevi wa barabarani tunaiweka kwenye barafu. Miaka yote."

"Mwambie huyo bwana," ikasema simu, "kwamba kilevi hakijali baridi. Chembe sahani zinajali. Zikipigwa na baridi zinakurupuka, zinavimba, haziambiliki tena. Nimetupa. Kesho niletee mtoto mwenyewe, hapa, mzima mzima, na damu nitaitoa mimi."

Kurudi kambini siku ya pili na kusema tumeiharibu, tunaomba nyingine, ni kazi ambayo Solange hakumpa mtu. Alikwenda na Muller, kwa sababu Muller alikataa kubaki. Koplo huyo, mtu wa miaka mingi kazini, alivua kofia mbele ya Marlène.

"Mama, kosa ni langu. Niliiweka kwenye barafu. Sikujua. Kama ni kunizaba kibao, nizabe."

Marlène alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Mkono ninao," akasema. "Ningekuzaba. Lakini mtoto anacheka."

Kweli Séphora alikuwa anacheka, kwa namna ile kofia ilivyomwachia Muller duara kichwani. Alishasimama, amebeba karata zake. Hakuna aliyemwambia asimame.

*

Maabara ilikuwa ndogo na yenye joto. Daktari Haffner alitumia sindano nyembamba, akaichomoa taratibu, na kabla hajanyoosha mkono kuchukua pamba, dole gumba la Bibi Pesla lilikuwa limeshakaa mahali pake. Lilikaa hapo wakati daktari anazungusha vichupa, likakaa wakati anaweka lebo. Bibi alizungumza na mjukuu wake mambo mengine kabisa na hakuangalia hata mara moja chini ya dole lake. Haffner aliliona hilo, akamtazama Solange.

"Sasa wewe, Sajini. Kunja mkono wa shati."

"Mimi?"

"Nahitaji mzima wa kulinganisha naye. Wewe ni mzima, nadhani."

Vichupa viwili vya majimaji ya njano yenye ukungu viliwekwa kwenye mashine, mwanga ukipita katikati. Ukungu, Haffner alieleza, ndio chembe zenyewe zinazoelea. Akadondosha tone la dawa inayozidanganya kwamba mshipa umepasuka. Katika kichupa cha Solange palitokea punje, punje zikawa vinyuzi, na mara maji yakatakata kabisa, chembe zote zimegandamana chini. Katika kichupa cha Séphora haikutokea chochote. Ukungu ulibaki ukungu. Daktari akaongeza tone lingine, la dawa kali zaidi. Ukungu.

"Hazisikii?" akauliza Muller.

"Zinasikia vizuri tu. Hazina mikono." Haffner alivuta kiti, akaketi karibu na mtoto, na maneno yake sasa yalikuwa ya huyo mtoto. "Kila chembe yako ingetakiwa kuwa na mikono maelfu, imekunjwa. Mshipa ukipasuka, habari inatoka ndani: kunjua. Mkono unakunjuka, unashika uzi uliomo kwenye damu, na chembe nyingine inashika uzi huo huo upande wa pili. Na ule mkono ulioshika unarudisha habari ndani: nimeshika, jikaze. Hivyo ndivyo tundu linavyozibika. Mkono huo ni protini, tunaiita integrini. Imeundwa kwa vipande viwili. Kwako kipande kimoja hakitengenezwi, kwa hiyo mkono wote haupo. Ukihesabu chembe, zimetimia. Ila zinapita mbele ya jeraha kama watu wasiojuana."

Séphora alifikiri. "Kwa hiyo si kwamba sijitunzi."

"Nani kakwambia hujitunzi?"

"Kila mtu."

Marlène aliinama akamfunga soksi ambayo haikuwa imefunguka.

Solange alimvuta daktari kando. "Hii inatosha kwa hakimu?"

"Kwa mtoto, ndiyo. Kwa marehemu, atakuuliza: nani kasema na yeye alikuwa nao? Baba mdogo si baba. Mtu anayeubeba bila kuugua, mzazi kwa mfano, chembe zake zinashikana vizuri kabisa, hutajua. Lakini ana mikono nusu ya kawaida. Hilo ninaweza kulipima, kwa rangi na mwanga. Baba wa marehemu yuko wapi?"

"Hayupo," akasema Solange, naye alilisema taratibu, bila jina.

"Basi nahitaji mama aseme kwamba mwanawe alikuwa…"

"Hatasema. Usimuulize, nakuomba. Ukimuuliza atakwambia hapana, na itabidi niandike."

Walikuwa wanaongea kwa kunong'ona, lakini chumba kilikuwa kidogo. Bibi Pesla alimkabidhi Marlène mkono wa mtoto, akampa dole lake nafasi ya mwisho kuhakikisha, akainuka. Akaja mpaka kwenye kiti cha kutolea damu, akaketi, akapandisha mkono wa sweta yake nyeusi mpaka begani na kuulaza mkono mezani, kiganja juu.

"Chukua," akamwambia daktari. "Chukua yote unayoitaka. Humo kuna kila kitu. Mimi sina la kusema."

Haffner, mwanamke asiye na subira, alisimama kidogo na sindano mkononi. Kisha akasema, "Asante, mama," na Solange hakuwahi kumsikia akimshukuru mtu.

Jibu lilikuja Alhamisi: chembe zimetimia, zinashikana, mikono nusu. Haffner alimwandikia hakimu kwamba mama anaubeba, kwamba mjukuu aliyetokana na Nuno anaugua, na kwamba mtu mwenye ugonjwa huo, akibanwa pua na mkono unaotaka kumwokoa, atapata alama zile zile za pichani. Kwamba alama za zamani miguuni ni za kugonga viti na meza. Na kwamba pua inaweza kumwaga damu mpaka mtu akafa bila kupigwa na yeyote. Hakimu Chastel alisoma mara mbili. Alitaka kujua kuhusu ule moto.

"Ni adabu, mheshimiwa," akasema Solange. "Na kunyamaza pia ni adabu. Angesema neno moja kuhusu ndugu yake angekuwa nyumbani zamani."

"Akakubali kwenda gerezani kwa ajili ya adabu?"

"Amekwenda, mheshimiwa. Yuko huko."

Chastel alikohoa, akatafuta kalamu, akasaini.

*

Nuno aliletwa katika chumba cha wageni cha gereza. Alikuwa mtu mpana, mwenye masharubu, na mikono yake mikubwa aliiweka chini ya meza kama iliyokatazwa kuonekana. Solange alimweleza kila kitu. Alimweleza kuhusu Séphora, mikono ya chembe, karata, kofia ya Muller. Kuhusu yule mwingine alisema tu "usiku ule", na Nuno alionyesha kwa macho kwamba ameelewa na anashukuru.

"Uko huru," akamaliza. "Marlène yuko nje na gari. Bibi naye yuko."

Mlango ulikuwa wazi. Askari wa gereza alisimama hapo na mfuko wa vitu vyake. Nuno hakuinuka.

"Séphora akitoka damu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesahau namna ya kuitumia, "nambanaje?"

"Vile vile unavyobana siku zote. Halafu mnamkimbiza kwa Haffner, usiku au mchana. Ameshaandikwa, hawatamrudisha."

"Sibani sana?"

"Hapana. Daktari ameziona zile picha. Amesema ulibana panapotakiwa. Mkono wa mtu yeyote usingetosha, Nuno. Hata wa kwake."

Alikubali kwa kichwa. Solange alidhani yamekwisha, akachukua kofia yake. Ndipo Nuno akaiweka mikono juu ya meza.

"Alitaka nimwache," akasema. "Alikuwa amechoka. Alinisihi, kaka niache nilale, pua inauma. Nikampigia kelele. Nikamtukana. Nilimtukana mpaka asubuhi ili asilale, na sikumwachia. Neno la mwisho alilolisikia ni tusi langu."

Solange akaketi tena. Akaishika mikono ile miwili, kitu ambacho sajini hamfanyii mfungwa.

"Mimi pia nisingemwachia," akasema.

Askari wa mlangoni aligeuka akatazama ukuta.

"Sitalisema tena hilo," akasema Nuno. "Kwa mtu yeyote. Nimekosea kulisema."

"Hujasema kitu," akajibu Solange. "Mimi nilikuja kukufungulia mlango tu. Twende, mama anakungoja."